Uji wa Mama wa Bibi Harusi

Wakazi wenzangu wa Ufukoni, na ninyi nyote ambao hamwezi kumsalimia mtu bila kumwambia "mbona umekonda hivyo?", kaeni mnisikilize. Haya yametokea nyumba ya tatu kutoka kwangu. Sitayapunguza makali, kwa sababu waliotenda hawakuyapunguza.

Mwezi Mei mwaka jana, ungepita uani kwa Mwalimu Raheli saa moja kasoro asubuhi ungemkuta amekalia ndoo iliyofudikizwa, anakung'uta mchanga kwenye raba zake. Ametoka kutembea hadi Shangani na kurudi, yeye na Mastura muuza samaki. Jasho linamtiririka na bado anacheka. Mezani kuna ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, yai na kipande cha papai. Chai yake haina sukari. Mumewe Isaya, karani wa bandarini, anakoroga vijiko vinne kwenye kikombe chake na kumtania.

"Mama Witness, ukiendelea hivi utavuka Ruvuma kwa miguu."

"Nitavuka, na wewe nitakuacha ng'ambo hii na kitambi chako."

Ndivyo nyumba ile ilivyokuwa. Watu wanacheka, watu wanakwenda kazini.

Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo Raheli alikuwa na kilo mia moja na nane. Alikuwa hawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Witness, binti yake wa pekee, ndiye alimfungia. Siku aliyoanguka mbele ya wanafunzi wa darasa la tano, vipimo vilionyesha sukari na presha, vyote viwili vimepanda. Daktari alimwambia, "Mwalimu, dawa nitakupa, lakini nusu ya dawa iko miguuni mwako na kwenye sahani yako."

Alianza kesho yake. Siku ya kwanza aliishia kwenye kona ya kanisa, akakaa chini. Mastura, aliyekuwa akipita na ndoo yake kichwani, alimcheka waziwazi.

"Mwalimu, kaa wangu humu ndooni anakwenda mbali kuliko hapo."

"Basi kesho nisubiri, twende na kaa wako."

Wakaenda, kesho na keshokutwa. Wali akapunguza nusu, mboga akaongeza maradufu. Samaki akawa anachoma badala ya kukaanga, kisamvu akakipika kwa nazi kidogo na karanga kidogo. Soda aliacha. Maandazi ya chumba cha walimu aliyapita kama hayaoni. Hapakuwa na muujiza wowote, jamani. Alikuwa na njaa, alikuwa na maumivu ya magoti, na alikuwa na aibu ya kuchekwa barabarani. Lakini kilo ishirini na saba zilitoka, sukari ikashuka, daktari akampunguzia dawa. Jumamosi moja alitembea hadi Mikindani bila kupumzika hata mara moja, akanipigia simu kutoka kule akipiga kelele kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Kisha washenga wakaja.

Witness alikuwa amechumbiwa na Josephu, fundi wa kule Madimba kwenye gesi. Upande wa kijana walikuja na shangazi yao, mama mmoja mwenye sauti. Wakati wa kula, shangazi yule alimtazama Raheli kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akatazama picha ya familia ukutani.

"Kabla hatujaendelea, niulize. Mama aliye kwenye picha ni huyuhuyu?"

"Ni mimi," Raheli akasema.

"Basi tusifichane, tunaunganisha damu hapa. Mwenzetu anaumwa nini?"

"Siumwi, mama. Nilikuwa naumwa wakati ule, kwenye picha."

Wawili watatu wakacheka. Shangazi hakucheka. "Mh. Hata mdogo wangu alikuwa anasema haumwi. Tulimzika mwezi wa nane."

Isaya angeweza kusema neno. Alikuwa amempeleka mkewe kliniki yeye mwenyewe, karatasi za vipimo zilikuwa kabatini, hatua nne kutoka alipokaa. Alikuwa na mfupa wa kuku mkononi. Akaendelea kuumung'unya.

Posa haikuvunjika. Kilichovunjika ni Isaya. Jumatatu bandarini wenzake walikuwa wameshasikia. "Karani, mshahara unaliwa na nani, mbona mama amebaki mifupa?" Mwingine akasema, "Ana nyumba ndogo huyu, ndiyo inayonenepa." Mwanamume mzima akarudi nyumbani na hasira ya maneno ya watu wasiomlisha wala kumvisha, akampelekea mkewe.

Akampigia simu dada yake Happiness kule Masasi aje kuongoza kamati ya send-off, sherehe ya kumuaga binti. Happiness alifika na mabegi matatu. Hakukaa hata chini.

"Wifi, nageuka hivi, nageuka hivi, sikuoni! Ndiyo unataka kuingia ukumbini hivyo? Mama wa bibi harusi anaingia kama mti wa ufagio? Watu watasema kaka yangu anakunyima chakula."

"Wifi, nina kilo themanini na moja. Mti wa ufagio gani huo?"

"Mimi naongea habari za mwili, wewe unaongea habari za mizani."

Isaya akatoa amri pale pale. Kutembea basi, mpaka send-off ipite. Watu wamechoka kumwona mke wake barabarani kama mtu anayefukuzwa.

"Isaya, daktari alisema nisiache."

"Daktari ndiye anayeozesha?"

Raba alizifungia kwenye buti la gari. Mastura alipokuja asubuhi kumwita, Happiness alimjibu getini: "Mwalimu hayupo kwa ajili ya mchezo. Nenda na samaki wako."

Mastura hakuwa mtu wa kunyamaza. "Mchezo? Mnamkataza mgonjwa dawa yake, mnaita mchezo?"

"Mgonjwa! Umesikia, kaka? Hata wauza samaki wanajua mkeo mgonjwa."

Geti likafungwa.

Raheli alijaribu kugoma. Alizunguka uani kwake mwenyewe, kutoka jikoni hadi kwenye mkorosho na kurudi, mara hamsini, mara sitini. Alikataa wali wa pili, alikataa soda. Aliyemshinda ni mtoto wake. Witness alikaa kitandani kwake akalia.

"Mama, ni wiki nane tu. Kwa ajili yangu. Wakwe zangu wananiuliza kila siku kama utafika siku yenyewe. Unajua maana ya swali hilo? Harusi ikipita, tembea mpaka Lindi, sitakuuliza."

Mama gani angeshinda hapo? Akakubali kunywa uji wa lishe asubuhi na jioni, kikombe kimoja kimoja, bila sukari. Alidhani amekubali uji.

Happiness alikuwa na vidonge kwenye mfuko wa nailoni, vile vya kunenepesha vinavyouzwa kwa kunong'ona, visivyo na jina wala karatasi ya maelezo. Alivisaga kwa chupa juu ya meza ya jikoni na kuvikorogea ndani ya uji. Isaya aliona. Alisema, "Usizidishe tu." Witness naye aliona. Aliuliza, akaambiwa, "Ni vitamini, lakini mama yako mbishi, usimwambie." Witness ana akili. Mtu hafichwi vitamini. Hata hivyo alikipokea kikombe akampelekea mama yake, asubuhi na jioni, akakaa pembeni kuhakikisha kimeisha.

Baada ya wiki tatu mashavu ya Raheli yakajaa. Uso ukawa mviringo, shingo ikapotea. Mtaa mzima ukafurahi! Kanisani walimshika mashavu. Shangazi wa Josephu akatuma salamu kwamba amesikia mama amepona. Na mimi ninayewaandikia haya nilisimama kwenye ua wangu nikamwambia, "Jirani, sasa umependeza." Nilisema. Siwezi kuyarudisha maneno yangu kinywani.

Yeye hakuwa anapendeza. Alikuwa anakunywa maji ndoo nzima kwa siku na kiu haiishi. Ubao wa darasani ukaanza kuwa na ukungu.

"Isaya, kuna kitu hakiko sawa. Nakula kidogo na bado navimba. Nipeleke nikapime sukari."

"Wiki ya kamati hii, Mama Witness. Ukionekana hospitali sasa, tumekwisha. Send-off ikipita nitakupeleka mwenyewe."

Alikwenda kumwomba Happiness. Happiness akamwambia, "Wewe unaogopa kunenepa, ndiyo ugonjwa wako."

Siku ya send-off walimvika viatu vipya vya dhahabu, namba moja chini ya miguu yake iliyovimba. Akasema vinabana. Wakasema dakika kumi tu. Akaingia ukumbini akicheza na binti yake, watu wakapiga vigelegele, na shangazi wa Josephu akasimama kabisa kushangilia. "Huyo ndiye mama! Huyo ndiye mama sasa!" Picha zilipendeza sana. Alikaa na viatu vile saa sita. Vilipovuliwa, kisigino cha kulia kilikuwa kimechubuka hadi kwenye nyama, na yeye hakuwa amehisi kitu.

Harusi ilikuwa wiki iliyofuata. Kidonda wakakifunga kwa kitambaa, wakasema ni malengelenge. Happiness, kwa kuwa kazi yake ilikuwa imekwisha, akaacha kusaga vidonge siku ile ile ya send-off na kurudi Masasi. Siku nne baadaye mguu ulikuwa mweusi hadi juu ya kifundo, na Raheli akaanguka bafuni.

Hospitalini sukari ilikuwa juu mno hata mashine ikashindwa kuandika namba, na presha yake ilikuwa imeporomoka. Daktari hakuelewa. Mgonjwa huyu alikuwa na maendeleo mazuri kuliko wote katika faili zake. Akauliza, "Kuna dawa nyingine yoyote amekuwa akitumia? Ya kienyeji, ya dukani, yoyote? Niambieni, inaweza kumwokoa."

Isaya akatazama saa yake. "Hakuna, daktari. Labda uchovu wa shughuli."

Witness alikuwa amesimama pale pale. Harusi ilikuwa Jumamosi, na shangazi wa Josephu alikuwa mlangoni na chupa ya chai.

Siku mbili nzima walinyamaza. Siku ya tatu Witness alimfuata daktari koridoni akamwambia yote. Daktari hakumgombeza. Alisema tu kwamba vidonge vya aina ile hupandisha sukari kama moto na kukausha nguvu ya mwili ya kupambana na kidonda, na mwili uliovizoea ukinyimwa ghafla huanguka. "Ningejua juzi, ningekuwa napigania mguu," alisema. "Sasa napigania mtu."

Mguu ulikatwa juu ya goti. Harusi ilifanyika Jumamosi ile ile, maana kadi zilikuwa zimeshagawiwa. Mama wa bibi harusi alisemekana ana malaria.

Shangazi wa Josephu alikwenda wodini kumjulia hali. Akautazama ule uso uliovimba juu ya mto, akampapasa shavu. "Pole, mwaya. Lakini Mungu mkubwa, mwili umerudi."

Raheli yupo hai. Jicho moja haoni, la pili anaona vivuli. Kufundisha kumekwisha. Isaya anambeba hadi chooni asubuhi kabla ya kwenda bandarini, na huko bandarini sasa hakuna anayemtania, wanamkwepa tu. Happiness hapokei simu.

Witness alikuja kumwona mama yake mwezi uliopita. Nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea mboga. Alipiga magoti kando ya kiti, akaungama yote mwanzo hadi mwisho, vidonge, chupa, kikombe. Raheli alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza jambo moja.

"Ulikuwa unaonja?"

"Nini, mama?"

"Ule uji. Mtoto akimpelekea mzazi chakula, huonja kwanza. Wewe ulikuwa unaonja?"

"Hapana, mama."

"Basi ulijua," Raheli akasema, akageuza uso wake upande wa ukuta. Mpaka ninaondoka hakuwa ameugeuza tena.

FUNZO

Ndugu zangu, unene si afya na wembamba si ugonjwa. Anayejua kilichomo ndani ya damu ya mtu ni kipimo, si jicho la mshenga. Mtu aliyeambiwa na daktari apunguze uzito, akaamka alfajiri kutembea, akapunguza wali na sukari kwenye sahani yake, yuko vitani kuokoa maisha yake. Ukimcheka, umemshika mkono adui yake. Ukimwambia "mbona umekonda, una nini?" huku unajua ana sukari, usijidanganye kwamba ni salamu.

Waume, mkeo akipungua kwa juhudi zake, jibu wanaokuuliza. Kinywa umepewa cha kutafuna na cha kusema pia. Na vidonge vya kunenepesha, vya makalio, vya mashavu, vinavyouzwa bila jina: vitupeni chooni leo. Mkishampa mtu kwa siri akaugua, basi msimwongezee kifo kwa kuona haya mbele ya daktari. Semeni siku ile ile, saa ile ile.

Na wewe unayejiambia kwamba wewe hukusaga kidonge, wewe ulibeba kikombe tu, au ulisifia mashavu tu, kama mimi: sote tulimnywesha.