Swali la Kumi na Tisa

Alhamisi ni siku ya soko Lushoto, na siku ya soko mtu hachagui wa kugongana naye. Idrisa alikuwa ameinamia fungu la mapeasi, mkono umeshanyooka, aliposikia sauti ubavuni.

"Kaka, hilo fungu lina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Unamkanyaga mguu."

Akatazama chini. Kweli, chini ya kiatu chake kulikuwa na raba ya bluu, na ndani ya raba mguu wa mtu. Akapanda na macho taratibu: kitenge cha maua, sweta ya zambarau iliyofungwa vifungo vyote kwa ajili ya ukungu, ushungi wa njano, na uso uliokuwa unangoja aombe radhi ili ukatae kwanza.

"Samahani sana, dada."

"Samahani baadaye. Toa mguu."

Akatoa. Msichana akaanza kuminya mapeasi kwa kidole gumba, magumu anarudisha, yaliyolainika anatia kwenye mfuko.

"Unachagua yanayotaka kuoza."

"Nachagua laini. Mlaji wangu ana meno mawili."

"Pole. Ndiye mumeo huyo?"

"Wivu umeuanza mapema, hata jina langu hulijui."

"Basi litaje, tuendelee na wivu kwa utaratibu."

Akacheka, na kwa kicheko hicho Idrisa, kijana wa Korogwe aliyepanda milimani wiki hiyo akiwa amevaa mashati matatu kwa baridi, alisahau baridi. Jina ni Mwanamisi. Namba ya simu aliitaja haraka makusudi, mara moja tu, aone kama ataishika. Aliishika.

Miezi miwili ikapita, na simu haikupoa.

"Umekula?"

"Nimekula, na bado nina njaa," alijibu Mwanamisi.

"Njaa ya nini, laazizi?"

"Ya maharage. Usijipe umuhimu."

Lushoto ni mji ambao ukinunua dawa ya kikohozi asubuhi, hadi mchana watu watatu wameshakupa pole. Lakini wawili hawa walifanikiwa kufichana jambo moja: kazi. Idrisa alisema yeye ni mtu wa takwimu. Mwanamisi alisema anafanya kazi "huko juu" na kuonyesha mlima kwa kidevu.

Kila mmoja alikuwa na sababu. Mwanamisi alikuwa mhudumu wa Shirika la Faraja ya Wazee. Kila asubuhi alipita nyumba nne kuogesha, kulisha na kugeuza wazee wasioweza kuinuka. Mchumba wake wa kwanza alipomtambulisha nyumbani, mama mtu alisema mikono inayosafisha haja za watu haitasonga ugali wake, na uchumba ukaishia pale pale jikoni. Tangu hapo Mwanamisi aliifanya kazi yake kwa moyo wote na kuitaja kwa nusu mdomo.

Na Idrisa? Idrisa alikuwa mkaguzi, ameletwa na wafadhili kupima kama shirika hilo hilo linawahudumia wazee kama linavyoandika. Alikatazwa kumwambia mtu yeyote mjini. Hata wahudumu kwenye karatasi zake walikuwa namba tupu bila majina, ili asimpendelee mtu. Utaratibu mzuri, ulibuniwa na watu waliosoma.

Ijumaa moja asubuhi, Mwanamisi alipiga simu.

"Leo saa tisa, pale kwenye mgahawa. Nina neno la kukwambia, na nikichelewa kulisema nitaogopa tena."

"Mimi pia nina neno. Langu ni zito kuliko lako."

"Hebu. Tutalipima kwenye mizani."

Neno la Idrisa lilikuwa posa. Lakini kabla ya saa tisa kulikuwa na nyumba moja ya mwisho ya kukagua, nayo ilikuwa Lukozi, kwa Bi Zainabu.

Kwenye fomu kulikuwa na swali la kumi na tisa: nani anakuogesha? Mwongozo ulisema wazi kwamba mzee wa kike aulizwe swali hilo na mkaguzi wa kike, wakiwa wawili tu. Kazi hiyo ilikuwa ya Eliza, mwenzake, ambaye siku hiyo alikuwa kitandani na homa. Alimwambia kwa simu, "Usiende peke yako. Subiri Jumatatu." Jumatatu ilikuwa mbali, saa tisa ilikuwa karibu. Idrisa akakodi bodaboda.

Bi Zainabu alikuwa ameketi kitandani, ameegemezwa mito, blanketi mpaka kiunoni. Kiharusi kilimchukua miguu mwezi wa pili. Chumba kilinukia sabuni, kucha zake zilikuwa zimekatwa, na ngozi ya mikono iling'aa mafuta. Idrisa aliyaona yote hayo, halafu akatazama saa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wa nani wewe?"

"Ni mgeni, bibi, nina maswali machache. Mhudumu wako anakuja?"

"Anakuja. Tunapiga soga."

"Anakupa chakula?"

"Tunakunywa chai. Ana maneno yule mtoto, atakuvunja mbavu."

Kalamu ikashuka hadi la kumi na tisa.

"Na nani anakuogesha?"

Bi Zainabu alivuta blanketi hadi kifuani. Alimtazama kijana huyo mwenye kalamu, wa umri wa mtoto wa mwanawe, kisha akatazama dirishani.

"Naoga mwenyewe. Mimi si mtoto."

"Kila siku?"

"Nimekwambia naoga mwenyewe."

Daftari la mhudumu lilikuwa juu ya kasha. Lilisema: kuogesha, kugeuza, kupaka dawa, kila siku tangu mwezi wa pili bila kuruka hata moja. Idrisa akalinganisha daftari na majibu, akaandika kwenye simu: *Mhudumu namba 14 anaandika huduma asizotoa. Hafai kuendelea.* Hakumuuliza jirani. Hakujiuliza mtu asiye na miguu anafikaje bafuni. Bodaboda ilipofika Magamba mtandao ukashika, na taarifa ikaenda zake.

Saa tisa kamili alikuwa mgahawani. Mwanamisi aliingia na gauni la kijani alilolipiga pasi hadi mikunjo ikaogopa, wanja machoni, bangili mbili. Waliagiza chai ya tangawizi na sambusa.

"Anza wewe mwenye neno zito," alisema.

"Jumamosi ijayo baba mdogo anapanda kutoka Korogwe na wazee wawili. Wanakuja kwenu kuleta posa."

Mwanamisi alifunika uso kwa viganja. Alipovitoa, wanja ulikuwa umeanza safari.

"Kabla hujamwambia apande, sikiliza langu. Mimi nawahudumia wazee majumbani, Idrisa. Nawaogesha, nawabadilisha nguo, kila kitu. Kama hutaweza kuishi na mtu wa kazi hiyo, niambie sasa, nimalize chai niende."

"Ndicho ulichokuwa unakiogopa? Ningekuwa mjinga..." Akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Wapi huko?"

"Nina wanne. Lakini wangu wa moyoni yuko Lukozi, Bi Zainabu. Miguu imekufa, na tangu mwezi wa pili hana kidonda hata kimoja. Daktari alishangaa." Alilisema hilo kama wengine wanavyotaja cheti chao.

Sambusa ya Idrisa ilisimama hewani.

"Mbona huli?"

"Hapana," alisema Idrisa. "Nafurahi. Kunywa chai, itapoa."

Na yeye akala sambusa.

Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni kwa Mzee Hezekia, msimamizi wa shirika.

"Ile taarifa ya Lukozi nimekosea, mzee. Naomba nirudie."

"Eliza alikuwepo?"

"Hakuwepo."

"Huyo mhudumu unamfahamu?"

"Ni mchumba wangu. Nilijua baada ya kutuma."

Mzee Hezekia alivua miwani. "Ijumaa mwongo, Jumatatu mchumba. Wafadhili watasema nini?"

"Watasema nimekosea."

"Watasema mmepatana. Barua yake imeshatoka, kijana. Eliza akipona ataenda yeye."

Saa sita simu yake ililia.

"Idrisa." Hakuna laazizi, hakuna mzaha. "Nimepewa barua na nakala ya taarifa. Chini kuna jina la mkaguzi."

"Misi, nisikilize..."

"Nina swali moja, jepesi kuliko yako. Ijumaa pale mezani, nilipokutajia Bi Zainabu, ulikuwa umeshaandika?"

"Nilikuwa nimeandika."

"Ukaniambia ninywe chai."

"Niliogopa kukupoteza."

"Haya," alisema Mwanamisi. "Sasa umenipata?" Akakata.

Ofisi ilimkataza Mwanamisi kukanyaga Lukozi mpaka ukaguzi urudiwe, na mhudumu wa kushika nafasi yake hakupatikana. Homa ya Eliza ilichukua siku kumi na moja. Jirani alipeleka uji, lakini kugeuza mtu si kupeleka uji. Eliza alipofika alifunga mlango, akaketi kitandani, akauliza swali la kumi na tisa kwa sauti ya chini.

"Mwanamisi," alisema Bi Zainabu papo hapo. "Nani mwingine? Yule kijana ningeanzaje kumwambia navuliwa nguo na nani, ananitazama hivyo na kalamu mkononi?"

Eliza aliinua blanketi. Nyongani kulikuwa na kidonda, upana wa kisosi.

Barua ilifutwa siku hiyo hiyo, na kesho yake alfajiri Mwanamisi alikuwa Lukozi. Idrisa alifika saa nne, akamkuta anatoka na beseni, amefunga kanga kiunoni, mikono imelowa hadi viwiko. Alimwaga maji kwenye shina la mgomba bila haraka, kana kwamba mlangoni hakuna mtu.

"Nimeandika kwamba kosa ni langu," alisema Idrisa. "Nimesaini. Kazi ya ukaguzi nimeiacha."

"Vizuri."

"Baba mdogo nimemwambia asubiri kidogo."

"Mwambie asisubiri."

"Misi."

"Kuhusu kazi nimeshakusamehe. Bibi alikudanganya, na mwenye haraka hudanganyika. Pengine na mimi ningeandika hivyo hivyo." Aliweka beseni chini. "Lakini Ijumaa hakuna aliyekudanganya. Ulikuwa unajua, ukanitazama nikijisifu, ukala."

"Nipe muda basi. Hata wa kunichukia."

"Kidonda kile kikifunga nitapata nafasi ya kukuchukia. Sasa hivi sina."

Sauti ya Bi Zainabu ikatoka ndani, imechoka.

"Mwanamisi, unaongea na nani? Ndiye yule kijana wa maswali? Mlete nimwombe radhi, nilimdanganya mtoto wa watu."

Mwanamisi alimtazama Idrisa machoni, muda mrefu kuliko siku zote alizowahi kumtazama.

"Ameshaondoka, bibi," akajibu.

Idrisa alisimama pale hatua mbili kutoka kwake, akingoja acheke. Hakucheka. Basi akageuka, akashuka njia ya shambani akichagua pa kukanyaga, taratibu, ili bibi asisikie nyayo na kumwona Mwanamisi mwongo.