Mgeni wa Mlango wa Jikoni

Siku ya pili ya likizo, saa nne asubuhi, jua limejaa jikoni, mama alikuwa anamenya viazi huku akiimba kwa ile sauti yake mbovu. Hodi ikapigwa mlango wa nyuma.

"Hodi humu ndani?"

"Karibu! Pita tu, mlango uko wazi," akajibu bila hata kugeuka.

Akamaliza kiazi kimoja, akashika cha pili, ndipo kisu kikasimama. Hodi? Nani apige hodi huku? Walipanda ndege mbili kufika nchi ile, na tangu watue hawajakutana na mtu anayejua hata neno moja la Kiswahili. Mwenye nyumba mwenyewe, alipowakabidhi funguo, walielewana kwa vidole. Jirani wa karibu alikuwa nusu saa kwa gari. Akageuka taratibu. Nje hapakuwa na mtu, ila kizingiti kilikuwa kimelowa, na jikoni kumeingia harufu ya nguo mbichi zilizofungiwa sandukuni.

Tumlaumu? Miaka kumi na miwili alikaa mapokezi ya kliniki ya meno. Neno karibu lilimtoka kabla hajafumbua macho vizuri asubuhi. Mumewe, mwalimu wa udereva na mtu wa mizaha, alimwita Mama Mapokezi, na alipoambiwa habari ya hodi alicheka hadi akashika mbavu.

"Hata likizo uko kazini! Umemwandika jina lakini? Umemwambia asubiri daktari?"

"Mimi sitanii, baba Chiriku."

"Ni upepo huo, mke wangu. Pika viazi, njaa inaniuma."

Chiriku ndiye binti yao wa pekee, miaka sita, na jina hilo alipewa kwa kuwa alikuwa hanyamazi. Mchana ule aliingia sebuleni, akasimama mbele ya kiti kikubwa kilichotazama dirisha, akainamisha kichwa.

"Shikamoo."

Kiti kikalia, vile kinavyolia mtu mzito anapojiweka sawa.

"Unamwamkia nani?" mama akauliza.

"Mgeni wako. Si ulisema mtu mzima nimwamkie, na akinisemesha nimjibu? Ameitikia."

Kweli alisema. Alishamfinya mara ngapi mtoto huyu, msemaji wa nyumbani, kwa kukaa kimya anaposemeshwa na wageni! Adabu ya binti yake ndiyo ilikuwa fahari yake. Sasa akamvuta mkono, akampeleka chumbani.

Jioni mto wa kile kiti ulikuwa umebonyea katikati na umelowa. Baba akaukung'uta, akaugeuza, akaondoka anapiga mluzi. Aliporudi ulikuwa umebonyea tena. Mluzi ukakatika, na mizaha ikaishia hapo.

Siku ya tatu hakuna aliyebishana. Walitupa mizigo ndani ya gari la kukodi, wakafunga nyumba, wakaondoka. Barabara ilikuwa moja tu, nyembamba, ina ua wa miti huku na huku, haina njia panda hata moja. Dakika ishirini hivi, wakakata kona, wakajikuta mbele ya geti lao lilelile, na mlango walioufunga kwa ufunguo uko wazi.

"Nimefundisha watu chungu nzima kuendesha," baba akanong'ona, mikono imekakamaa kwenye usukani. "Siwezi kupotea kwenye barabara moja."

Wakageuza, wakarudi, mara ya pili, mara ya tatu, geti lilelile, simu hazishiki mtandao, wakashuka wakakata shamba kwa miguu, baba amembeba mtoto mabegani, mama anahema nyuma, wakilitazama paa la ile nyumba linazama nyuma yao hadi lisionekane kabisa, wakadhani wamepona, kisha majani yakaisha ghafla na mbele yao ukawa mlango wa jikoni, na viazi vya jana bado viko mezani.

Kibaya zaidi, Chiriku akaacha kusema nao mpaka aulizwe. Alikaa sakafuni miguuni pa kile kiti, akinong'ona, akisikiliza, akicheka peke yake. Nywele zake zikaanza kunuka ile harufu.

"Mnazungumza nini, mwanangu?" mama akauliza, machozi yanamlenga.

"Ananisimulia kwao. Kwao kuna watoto wengi, mama. Wote wamekaa kimya." Akafikiri kidogo. "Anasema siku akiaga, mimi ndiye nitakayemsindikiza."

Mama akainuka. Akamvuta mumewe bafuni, akafungua maji yamwagike kwa kelele, akamnong'oneza sikioni.

"Hakuingia kwa nguvu. Nilimkaribisha mimi. Mwenyeji ni mimi, na mwenyeji hatoki akamwacha mgeni kitini. Ndiyo maana barabara inaturudisha."

"Sasa tufanyeje?"

"Kliniki wapo wasiotaka kuondoka. Huwafukuzi. Unasimama wewe kwanza, unashukuru, unafungua mlango, unatangulia. Ukitazama nyuma tu, kakaa tena. Nitamsindikiza mwenyewe, kabla hajamchukua mtoto. Wewe kaa kwenye gari naye, nje ya geti. Na lolote atakalosema, msijibu. Umenisikia? Msijibu."

Saa tisa alasiri Chiriku alipitiwa na usingizi. Baba akamlaza kiti cha nyuma cha gari, akaacha kioo wazi kidogo asikose hewa.

Mama akasimama mbele ya kile kiti.

"Tunashukuru kwa kututembelea," akasema kwa sauti yake ya kaunta. "Nikusindikize."

Kiti kikalia. Akageuka, akafungua mlango, akatangulia, na nyuma yake nyayo mbichi zikaanza kulia sakafuni, chap, chap, zikashuka ngazi, zikaingia kwenye kokoto, zikamkaribia hadi akahisi pumzi baridi kisogoni, na shingo ikamwasha kutaka kugeuka, na geti likawa halifiki, na bado akatembea, akilikazia macho gari, mpaka mkono wake ukagusa chuma. Akafungua, akasogea kando. Baridi ikampita shavuni.

"Ahsante kwa ukarimu," sauti ikasema kwa upole. "Karibuni na kwetu."

Mdomo wake ukafunguka wenyewe. Miaka kumi na miwili! Akaung'ata ulimi hadi akaonja damu. Baba alitazama mbele, meno ameyakaza. Harufu ikaanza kufifia, ndege wakaanza kulia mitini.

Kutoka kiti cha nyuma ikasikika sauti ndogo, ya usingizi, yenye adabu zake zote.

"Ahsante. Tutakuja."

Barabara ilifunguka. Kesho yake walipanda ndege, wakarudi kwao, na wiki ya pili baba alishaanza kucheka tena. Chiriku naye aliongea mpaka akawachosha, na mama alimwacha aongee, alimshukuru Mungu kwa kila neno.

Wiki ya tatu, Jumamosi mchana, mama alirudi kutoka kazini akamkuta binti yake ameketi mlangoni, kavaa gauni lake la sikukuu na viatu, mikono magotini. Baba amelala fofofo kwenye kochi. Nywele za mtoto zilikuwa zinachuruzika maji.

"Umependeza. Unakwenda wapi?" mama akauliza, ingawa ile harufu ilishamjibu.

"Si tuliahidi, mama? Vaa viatu."

Akamkumbatia kwa nguvu zake zote, akamwita mumewe, mumewe hakuamka. Nje ya mlango hakuna aliyepiga hodi. Mtu alikohoa tu kidogo, taratibu, kama mwenyeji anayewasubiri wageni wake wamalize kujiandaa.