Madebe Mawili ya Masinde

Kila Jumamosi, na kila siku wakati wa likizo, kabla jua halijapata ukali, Nabalayo na baba yake walitoka nyumbani Namuwongo, wakafuata njia ya reli, kisha wakakata kuelekea soko la Owino mjini Kampala. Nabalayo alikuwa na miaka kumi na miwili na sauti ya watu wanne. Kazi yake ilikuwa kufagia kibanda, kupepeta karanga, na kuita wateja. Akiita, hata wauza mitumba wa upande wa pili waligeuka.

Baba yake, Masinde, alivuka mpaka kutoka Bungoma, Kenya, akiwa kijana mwenye shati moja. Sasa alikuwa na kibanda cha karanga na maharagwe, pamoja na mashati matatu. Alikuwa mtu mcheshi, mwenye upendo kwa watoto wake, na hodari wa kupiga nyundo. Hiyo nyundo ndiyo iliyomponza.

Masinde alikuwa na madebe mawili. La kwanza alilipiga nyundo kwa ndani mpaka likatoa kitambi. Hilo lilikuwa la kununulia karanga za wakulima, na alilipa jina la Karibu, kwa kuwa lilipokea kila kilichomiminwa na halikushiba upesi. La pili alilipiga kwa nje, kitako kikaingia ndani. Hilo lilikuwa la kuuzia, na jina lake lilikuwa Kwaheri. Nabalayo aliyacheka majina hayo tangu akiwa mdogo. Kwake yalikuwa vyombo vya kazi tu, sawa na ungo na ufagio, na hakuwahi kujiuliza ni nani anayepunjwa.

Aliyejiuliza ni jirani yao, Mama Kaltumi, muuza samaki wakavu na mzee wa safu ile ya vibanda. Siku moja ya likizo alisimama mbele ya Karibu, akaliangalia juu mpaka chini.

"Baba Nabalayo," alisema, "hii debe yako iko na mimba ya miezi ngapi?"

Watu walicheka. Masinde pia alicheka, ila jioni ile alinunua rangi ya kijani. Aliyapaka madebe yote mawili, akayafunga mikanda mipana ya gunia kiunoni, kitambi cha Karibu kikafichika. "Sasa ni mapacha," akasema kwa majivuno. Akamwagiza Nabalayo ayatundike yakauke: Karibu msumari wa kushoto, Kwaheri msumari wa kulia. Nabalayo akafanya hivyo hivyo. Kosa ni kwamba aliyatundika akiwa amesimama nje, upande wa wateja, na baba yake hupimia akiwa ndani. Kushoto kwa mmoja ni kulia kwa mwingine, na hakuna aliyelifikiria hilo.

Asubuhi iliyofuata Mama Akwero aliwasili na lori kutoka Gulu. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, aliyeletewa karanga na wanawake kumi na mmoja wa kijiji chake ili aziuze Kampala kwa niaba yao. Siku hiyo alishuka amejaa vumbi mpaka kwenye kope, na alitembea kama mtu aliyeumia mgongo.

"Mama Akwero, umeanguka?" Nabalayo aliuliza.

"Sikuanguka, binti yangu. Mimi nimekaa juu ya gunia hii kutoka Gulu mpaka hapa. Utingo akisema shuka unywe chai, mimi nakataa. Akisema shuka unyooshe miguu, mimi nakataa. Leo panya ikikuja, inanikuta."

"Panya gani?"

Mama Akwero aliketi juu ya gunia lile lile, bila shaka kwa mazoea. "Kila mara sisi tunapima kule nyumbani na debe ya kanisa. Gunia mbili, debe kumi na mbili. Nikifika hapa, kumi. Kila mara kumi! Nimeshona gunia upya. Nimegombana na utingo. Sasa wenzangu wanasema ni mimi nakula hiyo mbili. Leo ikipungua tena wananitoa kwa hii kazi, na hawatatuma karanga Kampala hata moja."

Nabalayo aliacha kufagia. Alimtazama mama yule aliyesafiri usiku kucha bila kunyoosha miguu, akimvizia mwizi ambaye hakuwemo lorini. Nabalayo alimjua mwizi. Alikuwa ananing'inia msumarini, amepakwa rangi mpya.

Masinde aliangua debe kutoka msumari wake wa kununulia, akaanza kupima kwa wimbo kama desturi yake. Alipofika kumi alikung'uta mikono, amekwisha kujua jibu. Nabalayo akachungulia ndani ya gunia.

"Baba, bado zipo."

"Zipo wapi?" Masinde naye akachungulia. Zilikuwepo, na si kidogo. Akapima. "Kumi na moja." Akapima tena. "Kumi na mbili."

Mama Akwero aliruka juu na kupiga kigelegele hata samaki wa Mama Kaltumi wakatikisika. "Kumi na mbili! Nilisema! Nilisema ni panya!"

"Kumi na tatu," alisema Masinde kwa sauti ndogo.

Kigelegele kikakatika.

"Kumi na nne."

Masinde alikuwa akitokwa na jasho, maana alitakiwa alipie debe kumi na nne. Nabalayo alidhani Mama Akwero angefurahi zaidi, lakini mama yule alikuwa amekunja uso.

"Hapana," alisema. "Hii mbili si yetu. Sisi tulileta kumi na mbili. Labda karanga ya mtu mwingine imeingia kwa gunia yangu. Pima tena. Mimi si mwizi." Akaketi juu ya gunia tupu kungoja.

Masinde hakupata nafasi ya kupima tena, kwa sababu biashara ilikuwa imemlipukia. Asubuhi ile alikuwa amemuuzia debe moja mwanamke anayekaanga karanga huko Kibuye, na mwanamke huyo alipozimimina kapuni, kapu lilijaa hadi zikaanza kumwagika. "Banange! Jamani!" alipiga kelele. "Leo Masinde anapima kwa roho safi!" Waliosikia walikuja wakajipanga.

Mwaka ule nchi ilikuwa mikononi mwa wanajeshi, na sukari, chumvi na sabuni vilikuwa vimeadimika. Watu wa Kampala walikuwa wamejifunza jambo moja: ukiona foleni, jipange kwanza, kuuliza ni baadaye. Kwa hiyo foleni ya Masinde ilipita vibanda vya samaki, ikazunguka wauza mitumba, ikatokea penye ndizi.

"Kuna nini huko mbele?" mtu wa nyuma aliuliza.

"Sijui. Lakini laini ndefu namna hii haiwezi kuwa ya bule."

"Nasikia ni sukali!"

"Sukali!" neno likakimbia mpaka mwisho.

Masinde alikuwa akipima na kucheka, akipima na kucheka, mpaka alipogeuka akaona magunia manne ya akiba yamelala chini matupu. Kicheko kikamtoka. Wakati huo huo askari mmoja mwenye fimbo alitokea, akanyoosha foleni kwa kuwagusa watu magoti, kisha akajiweka mwenyewe mtu wa tatu kutoka mbele. Hakuna aliyemwambia kitu.

Masinde aliinua debe la kuuzia. Mkanda wa gunia uliokuwa umelegea ukateleza, ukaanguka, na kitambi kikajitokeza mchana kweupe. Lilikuwa Karibu.

"Nabalayo," alinong'ona bila kufungua meno, "umenifanya nini?"

"Baba, wewe ndiwe uliyeyapaka rangi moja!"

Masinde alilikumbatia debe kifuani kulificha. Siku zile mfanyabiashara aliyekutwa na kipimo cha uongo alipakiwa kwenye lori, na jamaa zake hawakuambiwa atarudi lini. Nabalayo akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Alimpenda sana baba yake.

Askari alifika mbele. "Wewe! Pima haraka. Nachukua kilo tano."

"Kilo tano za... za nini, Afande?"

"Za sukari!"

"Afande, hapa ni ka... karanga."

Askari aliangalia magunia. Akaangalia debe lililokumbatiwa kama mtoto mchanga. "Karanga? Muda wote huu mimi nasimamia laini ya karanga? Mama watoto amesema nisirudi nyumbani bila sukari!" Akageuka akaenda zake kwa hasira. Nusu ya foleni ilimfuata mbio, maana walidhani anajua sukari ilipo.

Masinde alikaa chini. Alipopata pumzi alimwona Mama Akwero bado ameketi pale pale, anangoja. Hapo akili yake ya biashara ikarudi.

"Mama Akwero," alisema kwa utaratibu, "nimefikiri hilo jambo. Karanga zina tabia yake. Zikipata joto zinavimba, zikipata baridi zinanywea. Leo kuna joto. Basi, ni hilo tu."

Mama Akwero aliitikia kwa kichwa polepole. "Joto," akarudia, akijifunza maneno atakayosema nyumbani. "Inavimba. Inanywea." Macho yake yakajaa machozi. "Hawataamini. Watasema sasa mimi nimekuwa mwongo pia."

Masinde alimkonyeza binti yake anyamaze. Hatari ilikuwa imepita. Askari ameondoka, na hakuna aliyewauliza lolote. Nabalayo angeweza kuchukua ufagio wake na siku ingekwisha salama. Lakini aliona aibu, aibu ya kweli iliyochoma masikio, na ile sauti yake ya watu wanne ikatoka yenyewe.

"Mama Akwero, karanga hazivimbi! Hakuna panya, na utingo hana kosa! Ni madebe yetu. Hili kubwa tunanunulia kwenu, lile dogo tunauzia watu. Jana niliyatundika vibaya, ndiyo maana leo hesabu imegeuka."

Mama Kaltumi aliacha samaki wake. Alijaza Karibu karanga za Mama Akwero hadi ukingoni, akaweka Kwaheri juu ya meza, akamimina. Kwaheri likajaa, karanga zikaendelea kuja, zikamwagika mezani, zikamwagika chini, zikafunika viatu vya Masinde. Waliobaki kwenye foleni walitazama viatu hivyo, kisha wakamtazama mwenyewe.

Mama Akwero aliinuka kutoka kwenye gunia. "Kwa hiyo si mimi," alisema. "Mwaka mzima nimejiuliza, labda mimi ni mjinga, labda sijui kuhesabu. Si mimi."

Masinde alitamani ardhi immeze. Angetukanwa angejua la kujibu, lakini mama yule alikuwa analia kwa furaha ya kujua kwamba hana kosa. "Nisamehe," alisema. "Nitajaza kila debe lililopungua. Mpaka la mwisho."

"Utajaza," alisema Mama Akwero akifuta macho. "Lakini mimi nikisema kule nyumbani, hawataamini. Kuja mwenyewe useme."

"Mimi? Gulu?"

"Baba Nabalayo," alisema Mama Kaltumi, "panda lori."

Akapanda. Kibanda kilikaa siku sita chini ya ulinzi wa Mama Kaltumi, na kwa siku sita karanga zilinuka samaki. Siku ya saba Masinde alirudi na debe jipya la bati lisilo na kovu hata moja, na vidole gumba vyake vyote viwili vimefungwa vitambaa.

Nabalayo alishtuka. "Baba! Walikupiga?"

"Ingekuwa afadhali," alisema Masinde. Akaketi, akaviangalia vidole vyake kwa huruma. "Niliwaambia kila kitu. Hawakunitukana. Walinikalisha chini, wakanimwagia karanga zenye maganda, wakasema nimenye mpaka debe moja lijae. Siku mbili na nusu, Nabalayo! Kando yangu kulikuwa na mtoto wa miaka sita. Alinipita, kisha akanisaidia kwa kunionea huruma."

Nabalayo alijaribu kujizuia asicheke, akashindwa. Baba yake naye alicheka kidogo, kisha akawa makini.

"Na huko ni kumenya tu. Sikulima, sikupalilia, sikung'oa, sikuanika. Kila safari Karibu liliwamezea madebe mawili, nami nikaona ni karanga tu, kwa sababu sikuwaona watu. Kumbe nilikuwa nawaibia siku zao. Mwanangu, unapouza na kununua, mtu wa mbali ambaye humjui anastahili kipimo kile kile unachotaka upimiwe wewe. Nilipaswa kukufundisha hilo mimi, na wewe ndiwe uliyenifundisha mbele ya soko zima."

"Wataleta karanga tena?" aliuliza Nabalayo.

"Wataleta. Mama Akwero wamemchagua kuwa kiongozi wao. Debe hili ni lao. Wamelipima kwa lile la kanisa, na ndilo nitakalonunulia na kuuzia."

Mteja wa kwanza alifika. Masinde alijaza debe jipya taratibu kwa vidole vyake vibovu, akalisawazisha kwa kiganja, akamimina kapuni. Karanga moja iliruka, ikaanguka chini, ikabingirika chini ya meza. Mteja alimwambia aiache, ni moja tu. Masinde akapiga magoti vumbini, akaitafuta mpaka akaipata.