Somo Lililosomwa Mara Mbili

Kila jioni Kijiti aliosha vyombo vya mchana na kaka yake akavifuta, huku wakitaniana nani mvivu zaidi. Jioni hiyo kaka hakutokea. Kijiti, aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake, alimkuta chumbani ameketi sakafuni, uso kaufichia magotini.

“Nimekwisha, mdogo wangu,” alisema. “Shahada siipati.”

Sebuleni cherehani ya mama ilikuwa ikinguruma. Mama alikuwa anamalizia gauni la kuvaa kwenye mahafali ya kaka siku ya Jumamosi, na mtaa mzima ulikwisha kuambiwa, hata wasiouliza.

Kaka akaeleza kwa sauti ya chini. Chuoni kila somo lina krediti zake, yaani kipimo cha kazi unayoifanya darasani, maktabani na kwenye mazoezi. Krediti zikitimia, unahitimu. Mwaka huu alichagua somo la takwimu la idara nyingine kwa sababu alikwisha kulisoma karibu lote katika idara yake. Alitaka mteremko. Lakini masomo yanayofanana huhesabiwa mara moja tu, na sasa krediti zake hazitoshi. Mshauri wa masomo alimwonya mapema, yeye akatia pamba masikioni.

Kijiti aliona miaka yote ya chuo imepotea. Kaka akamsihi anyamaze: Jumamosi angeazima joho, apige picha na mama, mambo yaishe.

“Na mama akiomba kukiona cheti?”

Kaka alilia. Kijiti hakuwahi kumwona akilia, naye akalia. Kisha akamshika mkono na kumvuta hadi sebuleni.

Kaka alieleza yote, mama akasikiliza mpaka mwisho. Hakugomba, na hilo liliwaumiza zaidi. Hakuna aliyekula usiku ule.

Asubuhi, kwa kuwa shule zilifungwa, walikwenda wote watatu kwa mshauri wa masomo. Mshauri huyo aliwatazama juu ya miwani yake, akasema krediti ambazo kijana amekwisha kuzichuma hazifutiki. Hata angehamia chuo kingine kinachotumia kipimo hichohicho, zingetambuliwa. Alipungukiwa somo moja tu, la kusoma muhula ujao. Wengi, alisema, hukata tamaa hapohapo na kuacha kila kitu.

Kaka alichagua kemia ya udongo, somo alilolikimbia tangu mwaka wa kwanza.

Nyumbani mama alilitundika gauni nyuma ya mlango.

“Mwanangu, nguo nikiipinda upindo mara mbili haiwi nguo mbili,” alisema. “Ulitafuta mteremko, umerudishwa mlimani. Ulichokifanyia kazi ni chako, hakuna wa kukunyang’anya. Gauni hili litangoja. Ila ungenivalisha kwa uongo, nisingelivaa tena maishani.”

Kaka aliinamisha kichwa, akaomba radhi.

“Nimekusamehe. Sasa nenda jikoni, vyombo vya jana bado vinakusubiri.”