Bomba Linalojibu

Bomba lilijibu likiwa tupu. Fundi wa kuchomelea aliligonga mara tatu kwa nyundo, kama kawaida ya kazi yao, na kutoka ndani vikaja vishindo vitatu, ilhali mkaguzi aliyekuwamo alikuwa ameshatoka na amekaa mbele yake anakunywa maji. Mkaguzi huyo alikuwa mkewe.

"Hilo ni jini," mkewe alinong'ona. "Tunapasua miamba huko chini tukitafuta gesi. Tumebomoa nyumba za watu, baba watoto."

Msimamizi, ambaye mafundi walimwita Mzee Haraka, alicheka mpaka akashika mbavu. Alitaka bomba lifike kwenye mtambo wa kusafishia gesi kabla ya mwezi kwisha. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi: ukigonga, aliye ndani anajibu, kukiwa kimya, ametoka. Sasa bomba likawa linajibu kila siku, kazi inasimama, watu wanaingia kutafuta wasichokipoteza. Siku ya tano Mzee Haraka uvumilivu ukamwisha.

"Kuanzia leo, hodi za humo ndani msizisikilize! Mtu akitoka atasema kwa mdomo wake."

Wote wakaona hiyo ndiyo akili. Hapo ndipo walipojimaliza, wajinga wale.

Asubuhi iliyofuata mke aliingia na taa yake kichwani kukagua ungio la mwisho. Fundi akasubiri akiwa amelipa bomba mgongo, akisugua kingo za kifuniko cha chuma, ambacho kingechomelewa mdomoni, upande wa pili ukiwa umeshafungwa, ili bomba lijazwe maji na kupimwa kama linavuja. Punde akasikia nyuma yake, "Nimetoka, baba watoto. Wewe funga, mimi natangulia nyumbani." Sauti ilikuwa ya mkewe kabisa. Akageuka, akaona mgongo wake ukipotelea nyuma ya lori.

Akawasha moto. Alipofika nusu ya mzunguko hodi zikaanza, tatu, kisha tatu nyingine, kisha nyingi zisizohesabika, na harufu ya mayai yaliyooza ikamjaa puani, na katikati ya vishindo akadhani anasikia kucha zikikwaruza chuma na mtu akimwita kwa kilio, lakini si alikuwa amemwona mkewe akiondoka kwa macho yake mwenyewe, basi akauma meno, akaongeza moto, akachomelea mpaka pasibaki hata tundu la sindano.

"Jini lako leo limeamka vibaya," Mzee Haraka akamtania, akafungulia pampu.

Jioni fundi alimkuta binti yake amesimama nje ya mlango.

"Mama yako yuko wapi?"

"Yumo ndani. Baba, usiingie. Nimemuuliza jina langu, hajui."

Fundi akampigia Mzee Haraka simu. "Zima pampu, mzee! Zima! Mke wangu yumo!"

"Nizime nini? Bomba limejaa tangu adhuhuri." Mzee Haraka alikuwa anatafuna kitu. "Halivuji hata tone, fundi. Mkono wako mzuri."

Mlango ukafunguka. Ile harufu ya mayai ikawatangulia. Mwanamke akamshika mtoto bega, akaketi kizingitini, akamvuta mapajani, akaanza kumfumua nywele polepole.

"Mume wangu," akasema kwa upole, "huyu tunamwitaje?"

Fundi alitaka kumnyang'anya mtoto. Alitaka kupiga kelele majirani waje. Hofu ikamshinda, akamtajia jina la mtoto.