Chupa ya Maji ya Chiriku

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alifuatana na bibi yake hadi kwenye chemchemi iliyokuwa chini ya nyumba yao. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Yeye alisimulia ndoto zake huku bibi akiondoa majani na kukinga ndoo. Chemchemi ile ilijengewa mawe na marehemu babu, na bibi aliipenda kama mtu. Mgeni akija, hata kabla hajaulizwa habari za safari, alipewa kikombe cha maji yale.

Muhula huo mpima maji, mama mmoja mpole, alifika shuleni. Aliwapa wanafunzi chupa safi, akawaeleza wazijaze kwenye chemchemi za kwao bila kugusa mdomo wa chupa. Maji yangetiwa unga wa dawa na kuwekwa mahali pa joto hadi kesho yake. Yakigeuka manjano, yana vijidudu. Chupa za kwanza zilitoka upande wa pili wa kilima, na zote ziligeuka manjano. Wanafunzi wa huko walitaniwa hadi mmoja akalia.

Chiriku alipofikiria bibi yake akichekwa hivyo, roho ilimuuma. Zamu yake ilipofika, alijaza chupa maji yaliyochemshwa kwa ajili ya chai, baada ya kupoa. Hayakubadilika rangi. Bibi alitembea kifua mbele, akawakaribisha majirani wote waje kuteka kwake. Chiriku akawa kimya, hata bibi akamuuliza kama jino linamuuma.

Siku chache baadaye mdogo wake alianza kuhara na kutapika. Muuguzi wa zahanati alimpa dawa, akasisitiza anyweshwe maji safi kwa wingi. Waliporudi nyumbani, bibi alimpakata mtoto, akachota kikombe mtungini.

"Kunywa, mume wangu," alimbembeleza. "Haya yamepimwa."

Chiriku alikizuia kikombe kwa mikono miwili.

"Bibi, usimpe. Hayakupimwa. Mimi nilipeleka maji yaliyochemshwa."

Bibi alikiweka kikombe chini. Hakumgombeza. Alibandika sufuria ya maji motoni, na mtoto alipokwisha kunywa na kulala, akampitisha Chiriku kwa kila jirani, aseme kwa kinywa chake alichofanya na kuwaomba wachemshe maji. Machozi yalimtoka njia nzima, lakini bibi hakuuachia mkono wake.

Mpima maji alipopata habari, alikuja kuteka mwenyewe. Maji yakageuka manjano kama kiini cha yai. Walipopanda juu ya chemchemi, aliwaonyesha banda la mbuzi wa bibi: mvua ikinyesha, kinyesi kilishuka moja kwa moja kwenye maji.

"Kumbe adui ni mimi mwenyewe," bibi akasema, mikono kiunoni.

Majirani walisaidia kuhamisha banda, wakachimba mfereji na kuzungusha uzio. Mtoto alipona. Mvua zilipopita, maji yalipimwa tena, na safari hii hayakubadilika rangi.

Jioni hiyo bibi alimketisha Chiriku karibu naye.

"Mjukuu wangu, ulitaka kunikinga na aibu, na najua ni mapenzi. Lakini ugonjwa haujali aibu yangu. Jambo likiwa baya, niambie lilivyo. Nitanuna kidogo, kisha nitashika jembe."

"Utanuna mpaka lini, bibi?"

"Mpaka njaa inishike," bibi akajibu, akamvuta kifuani.