Harufu Iliyofunikwa na Manukato

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Boke alifuta umande kwenye vioo vya gari la baba yake. Alikuwa msichana wa darasa la sita, na nyumba yao ilikuwa Nkende, katika mji wa Tarime. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, na usiku lililala ubavuni mwa ghala la mahindi. Baba yake, Nyangwine, alilipenda kama watu wengine wanavyopenda ng'ombe wao.

Asubuhi moja Boke alisimama karibu na boneti, akanusa. Palikuwa na harufu kali, kama ya kituo cha mafuta.

"Baba, gari linanuka petroli," alisema.

"Nilijaza mafuta jana, mama. Yalimwagika kidogo, yatakauka." Baba alimwita mama kwa sababu Boke alirithi jina la bibi yake, mama mzazi wa baba.

Hayakukauka. Kesho yake harufu iliingia mpaka ndani ya gari. Jioni baba alirudi na kichupa cha manukato ya ndimu, akakining'iniza mbele ya usukani. Kisha akamwinamia Boke.

"Jumamosi tunakwenda Ringwani kwenye kipaimara cha binamu yako," alisema kwa sauti ya chini. "Mama yako akisikia habari ya harufu, atakataa kusafiri. Wewe nyamaza tu. Tukirudi nitalipeleka kwa fundi."

Boke aliitikia, maana hakuzoea kumkatalia baba yake. Lakini siri ile ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumamosi waliondoka mapema. Mama yake, Scholastica, alikaa mbele akimpakata Waisiko, mdogo wake Boke ambaye hata kutembea alikuwa bado. Boke alikaa nyuma na vikapu. Mlango wa upande wake ulikuwa mbovu, ulifunguka kwa nje tu, na ule wa pili ulizibwa na mizigo.

Mwanzoni gari lilinukia ndimu. Walipopita Nyamwaga, jua likapanda, gari likaanza kukazana milimani, na injini ikapata joto. Hapo petroli ikajitokeza chini ya manukato, kidogo kidogo, mpaka macho ya Boke yakawasha. Waisiko alilia, kisha akatapika.

"Ni hii barabara," mama alisema, akimfuta. "Hata mimi kichwa kinanigonga."

Baba alifungua dirisha, akaendelea kutazama mbele. Kwenye kioo cha ndani macho yake yalikutana na ya Boke. Akatikisa kichwa kidogo. Boke akaelewa: nyamaza.

Barabara ilikuwa tupu. Pande zote mbili kulikuwa na mahindi makavu na mawe, hakuna nyumba. Waisiko alikuwa ameacha kulia, na kichwa chake kililegea begani kwa mama. Ukimya ule ulimtisha Boke kuliko kilio. Alishika kitasa cha mlango wake, akakivuta. Hakikufanya kitu.

"Mama," alisema. "Gari linavuja petroli. Linanuka tangu juzi. Baba anajua, na mimi najua."

Mama hakugeuka nyuma.

"Baba Boke," alisema taratibu, "simamisha gari."

Baba alisimamisha, akazima injini. Mvuke mwembamba ulikuwa unapanda kando ya boneti. Alipouona, alitoka mbio akamfungulia Boke, akamvuta mkono. Wote wakasogea mbali, mpaka kwenye mahindi. Waisiko alipopata hewa safi alipiga chafya, akaanza kulia tena, na mama akamkumbatia kwa nguvu.

Mara bodaboda mmoja akasimama kuwasaidia. Alishuka na kulielekea gari, sigara ikiwaka mdomoni.

"Usisogee!" baba alipaza sauti. "Kuna petroli hapo!"

Yule kijana aliganda. Akarudi nyuma polepole, akaizima sigara mbali na gari.

Baba alimpigia simu fundi Godwin, rafiki yake wa Nyamongo, naye akaja kwa pikipiki. Boke alimwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba." Godwin aliacha injini ipoe kwanza, kisha akachomoa waya wa betri. "Nani aliyenusa wa kwanza?"

"Mimi."

"Ilinuka kama sukari inayoungua?"

"Hapana."

"Ingekuwa hivyo, ningetafuta maji ya rejeta, yale ya kupoza injini, yanakovujia. Kama mpira unaoungua?"

"Hapana. Petroli tupu. Gari likipata moto ndiyo inazidi."

Godwin aliufuata mpira wa petroli kwa vidole mpaka akasimama mahali pamoja. "Panya," alisema. Mpira ulikuwa umetafunwa, na mafuta yalikuwa yakidondoka jirani kabisa na bomba la moshi. "Joto la hilo bomba linatosha kuwasha moto. Hamkuwa mbali na kuungua."

Aliukata mpira ule, akafunga mwingine mpya na kuubana kwa klipu ncha zote mbili. Alifuta mafuta yote yaliyomwagika, akangoja pakauke, ndipo akamwambia baba awashe. Wakachungulia kwa muda. Hakuna tone lililodondoka. Mwishowe akautengeneza na ule mlango mbovu.

Kabla ya kuondoka, baba alisimama mbele ya mkewe na binti yake.

"Nimewakosea," alisema. "Gari lilinipa habari, nikaifunika. Mdharau mwiba mguu huota tende. Na wewe, Boke, nilikutwisha mzigo usio wako. Nisikilize vizuri: heshima siyo kunyamazia hatari. Mtu mzima yeyote akikuambia ufiche jambo linaloweza kuwaua watu, hata nikiwa mimi, usifiche."

"Ndiyo, baba," Boke alijibu.

Mama alikwenda na Waisiko mkononi, akakaa nyuma pamoja na Boke, akamwegemeza binti yake kifuani, na safari ikaendelea.